Waliopona homa ya ini C wasiachwe bila karatasi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo ambalo redio na magazeti hulipita haraka kila inapofika Siku ya Homa ya Ini Duniani, Julai 28. Siku hiyo hutangazwa, tena ni kweli, kwamba homa ya ini C inatibika kwa vidonge vya wiki 12, na kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaomaliza dozi, zaidi ya 95 hupona. Hayatangazwi yanayomkuta mtu baada ya kidonge cha mwisho: uchovu usiokwisha, ganzi ya nyayo, kipimo cha haraka kinachozidi kusoma chanya, na kwa baadhi yao saratani ya ini inayojitokeza miaka kadhaa baada ya kuambiwa wamepona.

Mgonjwa aliyetoka Mpwapwa, Kondoa, Chemba au Manyoni kufuata matibabu Dodoma mjini huweza kurudi kwao na neno moja tu, "umepona". Zahanati ya kijijini haijui alitumia dawa gani wala ini lilikuwa limeharibika kiasi gani. Tunachoomba ni kitu kidogo: kila anayemaliza dozi apewe karatasi yenye muhuri na mambo matatu ndani yake. Kwanza, majibu ya PCR, yaani kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu, yaliyochukuliwa kwa wakati wake. Pili, hali ya ini ilivyokuwa kabla ya dawa. Tatu, tarehe ya ultrasaundi inayofuata, au maneno kwamba haihitajiki. Hilo la pili ndilo zito kuliko yote, nasi tutalirudia.

Tuanze na PCR, maana hapo tarehe huchanganywa sana. Dozi ya kawaida ya sofosbuviri na daklatasviri, au sofosbuviri na velpatasviri, ni wiki 12. Kipimo kinachothibitisha kupona hufanywa wiki 12 baada ya dozi kwisha, wala si wiki ya 12 ya kumeza dawa. Aliyeanza kidonge cha kwanza Februari 1 mwaka wa kawaida humeza cha 84 Aprili 25. Damu yake ya kuthibitisha ichukuliwe kuanzia Julai 18. Anayepimwa Aprili na kuambiwa hana virusi amepata habari njema ambayo haijakamilika, kwa kuwa dawa ingali mwilini. Wachache ambao virusi huwarudia huonekana katika hizo wiki za kusubiri. Ikifika wiki ya 12 baada ya dawa na PCR haioni kitu, virusi kurudi vyenyewe ni nadra mno, na hakuna haja ya kumtoza mgonjwa PCR kila baada ya miezi mitatu kwa kumtuliza moyo.

Damu hiyo huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, na plazima, yaani sehemu ya maji ya damu, itenganishwe ndani ya saa 24. Sampuli iliyokaa siku mbili kwenye joto la stendi ikisubiri basi inaweza kutoa majibu ya uongo yenye kufurahisha, kwa sababu chembechembe za virusi zinazotafutwa huharibika. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi ya kifua kikuu, hupima wingi wa virusi vya C ikipatiwa katriji yake, yaani kasha dogo la kupimia linaloingizwa ndani ya mashine. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa, piga simu maabara uulize kama katriji ya C ipo. Mashine kuwepo hakumaanishi katriji ipo.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, ni habari nyingine. Hicho hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na kingamwili za C hubaki mwilini miaka mingi, kwa wengi maisha yote, hata virusi vikiwa vimekwisha kabisa. Mama aliyepona akipimwa kabla ya upasuaji, au kijana anayeomba kazi ng'ambo, ataonekana ana ugonjwa. Tumeona ni hapa ambapo watu huanza kuandikiwa dozi ya pili wasiyoihitaji. Aliyewahi kutibiwa asipimwe tena kingamwili. Apimwe PCR moja kwa moja, na majibu yake ya kuthibitisha kupona ayatembeze kama anavyotembeza cheti cha chanjo.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyepona asiende kuchangia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na chupa yenye kingamwili za C hutupwa. Si adhabu wala si dharau kwake. Ndugu wa mgonjwa wakihimizwa kuchangia wodini, ana haki ya kukataa bila kueleza sababu mbele ya ukoo mzima.

Na kingamwili hizo hazimkingi. Chanjo ya homa ya ini C haipo, na mtu aliyepona anaweza kuambukizwa upya kwa wembe wa kuchangia, mashine ya kunyolea isiyosafishwa inayokwaruza ngozi, chale, sindano ya kuchangia ya dawa za kulevya, au sindano ya mtaani isiyo mpya. Kwa mwenye hatari ya namna hiyo, pamoja na walio kwenye kliniki za methadoni (dawa ya kuwasaidia watumiaji wa heroini), PCR ya kila mwaka ina maana. Kwa wengine haina.

Sasa tuje kwenye ini lenyewe.

Virusi vya C hukaa kwenye ini miaka 20 au 30 bila kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wenye maambukizi sugu, 15 hadi 30 hufikia sirosisi ndani ya miaka 20, yaani ini limejaa makovu na kuanza kusinyaa. Vidonge huua virusi. Havifuti makovu. Ini lenye makovu kidogo hujirekebisha taratibu baada ya virusi kuondoka, na mwenyewe huendelea na maisha bila kliniki. Ini lililokwisha kufika sirosisi nalo hupata nafuu, na hatari ya saratani hupungua sana, lakini haifiki sifuri, wala hatujui njia ya kumtambua mapema yule ambaye haitampata. Ndiyo maana swali la "ini lilikuwaje kabla ya dawa" ndilo linalogawa watu mafungu mawili: wanaoruhusiwa kwenda zao na wanaotakiwa kuonekana kila miezi sita.

Kulijibu si lazima mashine ya gharama. Hospitali yoyote ya wilaya yenye vipimo vya AST (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) inaweza kukokotoa APRI, namba inayokadiria makovu ya ini. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, kisha gawa kwa chembe sahani zilizohesabiwa kwa maelfu, halafu zidisha kwa 100. Mfano: AST ni 80, kiwango cha juu cha maabara ni 40, chembe sahani ni 100 (maana yake laki moja). 80 kwa 40 ni 2. 2 kwa 100, mara 100, ni 2. APRI inayofika 2 inaelekeza kwenye sirosisi, ingawa iliyo chini ya hapo haimtoi mtu moja kwa moja. Kipo pia FIB-4, hesabu nyingine ya makovu inayotumia pia ALT, kimeng'enya kingine cha ini: umri mara AST, kugawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT, yaani ile namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa ALT. Mtu wa miaka 50 mwenye AST 80, ALT 64 na chembe sahani 100 anapata 4,000 kugawanya kwa 800, yaani 5. Zaidi ya 3.25 ni makovu makubwa; chini ya 1.45 ni ishara nzuri. Penye mashine ya kupima ugumu wa ini, kilopaskali 12.5 kwenda juu huhesabiwa kuwa sirosisi.

Tatizo linakuja hapa, na tunaomba wenzetu wa kliniki walisome mara mbili. Hesabu hizo zikifanywa baada ya mtu kupona, hudanganya. Virusi vikiondoka, uvimbe wa ini hutulia na AST hushuka ndani ya wiki chache. Mgonjwa wetu wa mfano, mwenye APRI 2 kabla ya dawa, akirudi na AST 30 na chembe sahani 110, APRI yake mpya ni kama 0.7. Daktari mgeni akiiona anasema ini ni zima, anafuta ultrasaundi. Kovu halijaondoka, kilichotulia ni uvimbe. Hata mashine ya ugumu wa ini husoma chini zaidi baada ya tiba kwa sababu hiyo hiyo. Uamuzi wa kumfuatilia au kumwachia hutokana na namba za kabla ya kidonge cha kwanza, na kama karatasi ya awali imepotea, ni salama zaidi kumhesabu kuwa na makovu makubwa pale ambapo chembe sahani ziko chini ya 150, bandama limevimba, au ultrasaundi inaonyesha ini lenye uso wa manundunundu.

Mwenye sirosisi afanyiwe ultrasaundi kila miezi sita, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini, kikipatikana. Miezi sita haikuokotwa tu. Uvimbe wa saratani ya ini kwa wastani huongezeka maradufu kwa miezi minne hadi sita, na ukikamatwa chini ya sentimita 2 au 3 bado upo uwezekano wa kuukata au kuuchoma. Ukisubiri mpaka mtu ahisi uzito ubavuni kulia, mara nyingi kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Kuchelewa wiki tatu kwa sababu ya nauli si janga. Kuruka zamu nzima ni hatari. Kwa wakulima wa huku tunashauri tarehe mbili zinazoshikika: mwanzoni mwa Juni mavuno yakiwa yameingia na kuna fedha mkononi, na mwishoni mwa Novemba kabla mvua za kupandia hazijaanza. Mtu akishaingia shambani Desemba hatoki.

Fomu ya kuombea kipimo isiandikwe "maumivu ya tumbo". Iandikwe: "Sirosisi, homa ya ini C iliyotibiwa, tafuta uvimbe kwenye ini." Mpimaji anayejua anachotafuta hupita ini lote, pamoja na sehemu ya juu chini ya mbavu inayojificha, badala ya kuangalia figo na mawe ya nyongo tu. Mgonjwa afike bila kula kwa saa sita hadi nane ili gesi isifunike ini, na aje na majibu yake yote ya nyuma, kwani doa la sentimita 1 ambalo halikuwepo Juni lina uzito tofauti na doa lililokuwepo miaka mitatu bila kukua. Majibu yataje uso wa ini, doa lolote na ukubwa wake, upana wa mshipa mkuu wa damu unaoingia kwenye ini (zaidi ya milimita 13 ni mpana), urefu wa bandama na kama kuna maji tumboni. Majibu ya mstari mmoja, "ini la kawaida", hayamsaidii mtu mwenye sirosisi. AFP inayopanda kutoka kipimo hadi kipimo kwa mtu ambaye virusi vyake vimekwisha haina tena kisingizio cha virusi, itafutiwe sababu.

Makovu huleta shida nyingine ambayo haina uhusiano na saratani. Damu ikikwama kupita kwenye ini, hutafuta njia za pembeni, na mishipa ya umio huvimba na kuwa na kuta nyembamba. Ikipasuka, mtu hutapika damu. Mwenye sirosisi ambaye chembe sahani zake ziko chini ya 150, au ugumu wa ini ulifika kilopaskali 20, afanyiwe kipimo cha kamera tumboni. Mishipa mikubwa hufungwa kwa mipira midogo, au mgonjwa huanzishwa karvediloli au propranololi. Dawa hizi hushusha mapigo ya moyo na humfanya mtu ajisikie mzito siku za mwanzo. Wengi huziacha kwa sababu hiyo, halafu hurudi wakitapika damu. Wasiziache bila kuzungumza na aliyewaandikia, dozi hupunguzwa.

Kanda hii pia ina watu waliokulia kando ya ziwa au kwenye skimu za umwagiliaji, na kichocho cha tumbo nacho hujaza makovu kwenye ini na kuvimbisha mishipa hiyo hiyo. Ukimkuta mtu ana bandama kubwa na ametapika damu ilhali APRI yake ilikuwa ndogo, ulizia kichocho.

Tuseme juu ya uchovu, kwa kuwa ndio unaoleta watu wengi kliniki baada ya dozi. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi michache. Kwa baadhi hubaki, na hapo mtu asiambiwe kwamba ni mawazo. Upo mpangilio wa kuutafuta: pima wingi wa damu, hasa kama alitumia ribavirini ambayo huvunja chembe nyekundu, pima sukari, pima tezi ya thairoidi, zaidi kwa waliotibiwa miaka ile ya sindano za interferoni, tiba ya zamani ya C, kwa sababu interferoni inaweza kuiharibu tezi hiyo na madhara yakabaki hata baada ya sindano kwisha, uliza usingizi na huzuni. Kwa mwenye sirosisi, mtu anayelala mchana, akakesha usiku, akawa anasahau alichotumwa na mikono ikimtetemeka, huenda sumu ambazo ini lingesafisha zimeanza kufika kwenye ubongo. Hapo dawa ni kupata choo laini mara mbili au tatu kwa siku kwa kutumia laktulosi, na kutafuta kilichochochea: kufunga choo, maambukizi, damu tumboni au dawa za usingizi alizojinunulia.

Ganzi na kuwaka moto kwa nyayo, maumivu ya viungo na vidoa vya zambarau miguuni vinaweza kutokana na protini ambazo mwili huzitengeneza kwa kupambana na virusi vya C, nazo huganda damu inapopoa. Virusi vikiisha, protini hizo hupungua polepole, na kwa wengine huchukua zaidi ya mwaka. Ndiyo maana asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Dodoma huwaletea watu hawa vidoa upya vifundoni wakati PCR yao ni safi. Soksi nene, kutoshinda wamesimama na kutoloweka miguu kwenye maji baridi husaidia. Mkojo wenye povu au damu, au uso kuvimba asubuhi, ni dalili kwamba figo zimeguswa, na hapo ni hospitali, wala si soksi. Mishipa ya fahamu hupona taratibu sana. Lakini ganzi isilaumiwe kwa C peke yake kabla ya kuangalia kisukari, pombe na dawa ya TB ya aisoniazidi iliyotumika bila vitamini B6.

Kuhusu sukari kuna tahadhari ambayo hufurahisha na kuhatarisha kwa pamoja. Virusi vya C huufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Vikiondoka, sukari ya mwenye kisukari inaweza kushuka, na yule anayeendelea kuchoma kiasi kile kile cha insulini au kumeza glibenklamidi ile ile anaweza kuanguka kwa sukari kuishiwa. Apime mara nyingi zaidi kuanzia wiki za mwanzo za dozi mpaka miezi michache baadaye, na kipimo cha dawa kirekebishwe. Upande wa pili, mafuta mabaya ya damu hupanda baada ya kupona, kwa kuwa virusi vilikuwa vikiyatumia, na watu hunenepa hamu ya kula ikirudi. Vimeng'enya vya ini ambavyo haviteremki miezi sita baada ya PCR safi mara nyingi vinaeleza mafuta kwenye ini, pombe, dawa, au homa ya ini B.

Hiyo homa ya ini B ina mchezo wake. Kwa mtu mwenye virusi vyote viwili, C huikandamiza B. Dawa ikiiondoa C, B inaweza kuamka, wakati dozi inaendelea au baada yake, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu hilo mwaka 2016. Kila mgonjwa apimwe B kabla ya kidonge cha kwanza. Mwenye B apewe tenofoviri, dawa ya kuikandamiza B, kipindi chote cha dozi na wiki 12 zaidi, halafu iamuliwe kama ataendelea. Asiye na B achanjwe: sindano tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita. Chanjo ya B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo tusimdhanie kuwa amekingwa.

Nyumbani, mambo ya kuangalia ni machache ila yana ukaidi. Pombe kwa mwenye sirosisi ni sifuri, iwe gongo, pombe ya mtama au mvinyo wa zabibu zetu. Kupona virusi hakukufungua ruhusa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, zinaweza kuzima figo na kusababisha damu kutoka tumboni kwa mwenye sirosisi. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwake, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, navyo vitenganishwe. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazotembezwa stendi na minadani hazisafishi chochote, na baadhi ya mitishamba huunguza ini.

Mwenye maji tumboni huambiwa apunguze chumvi, akaitoa chumvi mezani huku mlenda unapikwa kwa magadi kila siku. Magadi ni sodiamu ile ile. Mlenda upikwe bila magadi au kwa chembe kidogo sana, na ng'onda na dagaa wa chumvi waachwe. Nyama, mayai, maziwa, kunde na choroko asinyimwe, kwani kumnyima protini humkondesha misuli na kumzidishia udhaifu. Kabla ya kulala anywe uji au ale kiporo kidogo. Ini lenye makovu halihifadhi akiba ya kutosha usiku kucha.

Na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumu hiyo uliowaua watu wapatao 20, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Kula kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani ya ini, na mwenye ini lililokwisha kuumizwa na C hana ziada ya kupoteza. Kupika hakuiui. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, visianikwe kwenye udongo. Kujua kama mahindi yamekauka, weka kiganja cha punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie: chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu. Chagua punje moja moja, tupa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi. Mwaka ambao mahindi yamenyeshewa, kukoboa ni afadhali kuliko dona, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hutoka na pumba. Karanga chungu isitafunwe kwa heshima ya mwenyeji, itemwe. Wala zilizochambuliwa kuwa mbaya zisirudi jikoni zikiwa zimesagwa.

Kuna dalili ambazo hazisubiri Juni wala Novemba: kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho kuwa ya njano, tumbo kujaa ghafla au kuuma likiwa na homa, kuchanganyikiwa, na kukonda kusikoeleweka. Hizo ni za siku ile ile, kwa usafiri wowote uliopo.

Tukirudi kwenye karatasi, tunawaomba wakuu wa hospitali za kanda hii waongeze ukurasa mmoja kwenye faili la kila anayetibiwa homa ya ini C. Ujazwe siku ya kwanza, kabla ya dawa: AST, ALT, chembe sahani, APRI, ugumu wa ini kama umepimwa, majibu ya ultrasaundi na majibu ya homa ya ini B. Mwisho wa dozi iongezwe aina ya dawa na tarehe ya kidonge cha mwisho. Wiki 12 baadaye iongezwe PCR, kisha uamuzi uandikwe kwa maneno kamili, ama "haihitaji ufuatiliaji wa ini" ama "ultrasaundi kila miezi sita", pamoja na tarehe ya kwanza. Nakala moja ibaki kwenye faili, moja apewe mgonjwa, moja ipelekwe kwa mganga wa zahanati ya kijiji chake. Mgonjwa aipige picha kwa simu na kumtumia mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, kwa maana karatasi hulowa na faili huhamishwa.

Wasalaam,

Wahudumu wa kliniki ya magonjwa ya ini,
Dodoma